Nuru Inayoponya, Nuru Inayounguza



Kwa muda wa miaka mitatu tulificha jambo nyumbani mwetu, hapa Lubumbashi. Leo twalitoa mbele yenu. Binti yetu mwenyewe, ambaye ndiye aliyeumia, ametuhimiza. Alituambia: "Baba, Mama, andikeni. Labda msichana mwingine atasoma, naye hataungua kama mimi." Basi twaandika, baba na mama pamoja. Jina lake hatulitaji, wala mahali alipoungulia hatupataji, maana hatukushika kalamu ili kumshitaki mtu. Wa kwanza kushitakiwa ni sisi wenyewe, kama mtakavyoona.

Mwaka 2019 binti yetu alikuwa na miaka 17. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, tena sauti yake ilijulikana katika parokia yote. Kisha akaanza kubadilika. Akaacha kwaya. Siku ya Bwana akawa anakwenda Misa ya alfajiri peke yake, akikaa nyuma karibu na mlango, kitambaa kimefunika kidevu na shingo. Sisi tukamgombeza. Tulidhani amekuwa mvivu wa sala, au amepata marafiki wabaya. Hatukumwuliza hata mara moja: "Mwanangu, una shida gani?"

Siku moja mama yake, akitandika kitanda, alikuta wembe chini ya mto. Tuliogopa sana. Tulimwita, naye akalia, akaondoa kitambaa. Ndipo tulipoona. Ndevu zilikuwa zimemwota kidevuni na chini ya taya, kama za kijana mwanaume. Kila usiku alizinyoa gizani. Wembe ulikuwa umemletea vipele vyenye usaha, na vipele vilikuwa vimeacha madoa meusi.

Je, tulifanya nini? Twaona haya kusema. Shangazi yake mmoja alisema kwamba mwanamke mwenye ndevu ni dalili ya uchawi. Mwingine alisema hatapata mchumba. Sisi hatukukubali maneno hayo, lakini hatukuyakataa kwa sauti kubwa. Tulitaka jambo moja tu: ndevu zitoke upesi, watu wasijue. Na haraka haina baraka.

Mjini palikuwa na nyumba ya urembo yenye tangazo kubwa: nywele zitaondolewa kwa leza, wala hazitarudi milele. Mnamo Januari 2021 tulitoa dola 80, feza tuliyoiweka kwa ada ya shule ya wadogo zake, tukampeleka. Kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alimlaza kitandani. Hakuuliza lolote juu ya ugonjwa, wala dawa, wala ngozi yake. Hakujaribu kwanza mahali padogo. Mashine ilipomgusa, binti yetu alipiga kelele. Yule akamwambia: "Vumilia kidogo, dada, utapendeza." Na sisi, tuliokaa nje mlangoni na kusikia, tulimwambia vilevile: "Vumilia."

Jioni ile kidevu na shingo vilivimba. Asubuhi malengelenge yalitokea, nayo yalikuwa ya pembe nne, yamepangwa safu safu, kwa kipimo cha kile kioo cha mashine. Baada ya majuma machache malengelenge yalikauka, yakaacha mabaka meusi kuliko yale ya kwanza. Mahali pawili rangi ilitoka kabisa, pakabaki peupe. Na ndevu? Baada ya miezi miwili zilikuwa zimerudi.

Ndipo tulipompeleka hospitali ya misioni, kwa Sista mmoja ambaye ni mganga. Ilitupasa kuanzia huko. Sista hakutukaripia. Alimtazama mtoto, akamshika mkono, kisha akatuuliza: "Baba, Mama, mashine ile ilikuwa ya namna gani?" Hatukujua. Akasema: "Mngenunua hata baisikeli msingeuliza?" Tukanyamaza. Basi akatufundisha, na mafundisho yake, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye, twapenda kuwagawia ninyi.

Leza ni nuru, lakini si nuru kama ya taa ya nyumbani. Taa hutoa nuru ya rangi nyingi iliyochanganyika, nayo hutawanyika kila upande. Leza hutoa nuru ya rangi moja tu, inayokwenda pamoja upande mmoja, kama askari wanaopiga mguu kwa sauti moja. Ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Theodore Maiman, huko California, mwezi wa Mei 1960, kwa kutumia jiwe la rubi. Katika miaka ileile ya 1960 mganga wa ngozi Leon Goldman, wa mji wa Cincinnati, alianza kuijaribu katika ngozi ya watu.

Mwaka 1983 waganga wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, walieleza kanuni ambayo waganga huifuata hata leo. Kila rangi ya nuru hupenda kunywewa na kitu fulani. Ipo inayonywewa na wekundu wa damu, ipo inayonywewa na wino wa chale, ipo inayonywewa na weusi wa nywele. Ukichagua rangi ya nuru ipasavyo, na ukiipiga kwa muda mfupi sana, utakiunguza kitu kile ukitakacho, na jirani yake atasalimika. Kwa njia hiyo nuru hupita katika ngozi, hufika kwenye shina la unywele, nao unywele huungua mizizi.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo binti yetu alipoumia. Weusi wa unywele na weusi wa ngozi yetu ni kitu kimoja. Waganga hukiita melanini. Anikeni nguo nyeusi na nguo nyeupe juani, kisha ziguseni: iliyo nyeusi ina joto zaidi. Katika ngozi nyeupe nuru huupata unywele mweusi peke yake. Katika ngozi yetu nuru hukutana na weusi mlangoni, kabla ya kufika ndani. Ni kama askari aliyeambiwa amkamate mwenye shati jeusi, naye akaingia katika kijiji ambacho wote wamevaa mashati meusi. Atampiga wa kwanza atakayekutana naye.

Je, melanini ni kosa la ngozi yetu? Hata kidogo! Ni mwavuli ambao Mungu alitupa juu ya jua kali. Watazameni ndugu zetu albino, ambao hawakuupata mwavuli huo, jinsi jua linavyowaumiza na kuwaletea kansa ya ngozi. Tena weusi na weupe wana chembe za kutengeneza melanini karibu sawasawa kwa hesabu. Tofauti ni kwamba chembe zetu hutengeneza nyingi zaidi na kuieneza zaidi. Kosa halikuwa katika ngozi ya mtoto wetu. Kosa lilikuwa katika mkono ulioshika mashine bila kuijua ngozi hiyo.

Waganga hupima ngozi kwa ngazi sita, iliyoanzishwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975. Ya 1 ni nyeupe kabisa, ambayo huungua upesi juani. Ya 6 ni nyeusi kabisa. Wengi wetu tu wa 5 na wa 6. Nuru hupimwa kwa nanometa, nayo nanometa 1 ni milimeta 1 iliyogawanywa sehemu milioni. Nuru ya rubi ina nanometa 694, nayo hunywewa sana na melanini. Kwa ngozi yetu ni hatari. Lakini iko leza iitwayo Nd:YAG, yenye nanometa 1064. Macho hayaioni nuru yake. Yenyewe hainywewi sana na melanini ya juu, tena hushuka chini zaidi, hata kwenye shina la unywele. Hiyo, ikiwa katika mikono ya mtu aliyefundishwa, pamoja na kupozwa kwa ngozi, ndiyo iliyo salama zaidi kwa watu weusi. Na ziko mashine nyingine ambazo watu huziita leza, lakini si leza: hutoa mwanga mkali wa rangi nyingi pamoja. Sista alipoyaona yale mabaka ya pembe nne, alidhani kwamba mashine iliyomwunguza binti yetu ilikuwa ya namna hiyo.

Tulipopata maneno hayo, tulitaka kuichukia leza kabisa. Sista akatuzuia. Akasema: "Kisu kinachokata mkono wa mtoto ndicho kinachokata mkate wa nyumba." Akatueleza mema yake. Mtoto aliyezaliwa na baka jekundu kama divai usoni huweza kupunguziwa baka hilo. Mtu aliyeungua moto, akabaki na kovu gumu linalomzuia kukunja mkono au kufungua kinywa, kovu lake huweza kulainishwa kidogo kidogo. Wanaume ambao ndevu zao hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, wakapata vipele shingoni kila wanyoapo, nao husaidiwa. Wengi wa wanaume hao ni weusi kama sisi. Je, hayo ni urembo mtupu? Sivyo. Ni huruma.

Lakini kabla ya yote Sista aliuliza swali ambalo yule wa koti jeupe hakuliuliza: "Kwa nini ndevu hizi zimeota?" Akampima damu, akamtazama tumboni kwa mashine ya picha, akamwuliza juu ya siku zake za mwezi. Ikaonekana kwamba ana ugonjwa wa ovari zenye vifuko vidogo vingi. Si uchawi. Ni ugonjwa unaowapata karibu wanawake 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Huchafua mpango wa siku za mwezi, huweza kuchelewesha mimba, tena huzidisha hatari ya ugonjwa wa sukari. Leza huondoa nywele, lakini haiuponyi ugonjwa huo. Kama mashine ingekuwa nzuri na nywele zikaisha, sisi tungefurahi, na ugonjwa ungebaki umefichwa ndani. Tulitetemeka tulipolifikiri jambo hilo.

Majaribu hayakuisha. Binti yetu, alipoona mabaka meusi hayaondoki, alileta kutoka sokoni kopo la mafuta ya kuchubua ngozi. Rafiki yake alimwambia kwamba yatamfanya mweupe kote, na mabaka hayataonekana tena. Safari hii tuliuliza kwanza. Sista alitueleza kwamba baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo huharibu mafigo. Mengine yana hidrokinoni, nayo ikipakwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa namna nyingine, wa kibuluu, ulio mgumu sana kuondoka. Kwa sababu hiyo Afrika Kusini iliikataza hidrokinoni katika mafuta ya urembo tangu mwaka 1990. Mengine yana dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Binti yetu mwenyewe alilitupa kopo lile chooni.

Lakini moyoni mwake lilibaki swali. Alikwenda kwa Padri wa parokia, na sisi tulikuwapo. Alisema: "Padri, je, nikitaka kuondoa ndevu hizi kwa mashine, namdharau Mungu aliyeniumba?" Padri hakumjibu upesi. Alituambia kwamba Papa Pio wa 12, mwezi wa Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufa kwake, aliongea na waganga wanaorekebisha sura za watu. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni kitu chema, ingawa si chema kilicho juu ya vyote. Mtu akitaka kuurekebisha mwili wake, jambo lenyewe si dhambi. Hatuna budi kutazama nia yake na mambo yanayomzunguka. Akitaka kuwavuta wengine katika dhambi, au kujificha asishikwe na hukumu, au kufuata majivuno tu, au akiuharibu mwili, hapo afanya vibaya. Lakini akiwa na sababu ya kweli, aweza kwenda kwa mganga bila woga.

Kisha Padri alimwuliza: "Mwanangu, ukitazama kioo, wataka kuondoa nini? Ugonjwa, au rangi aliyokupa Mungu?" Binti yetu akafikiri, akajibu: "Ndevu tu, Padri. Rangi yangu naitaka." Tulitoka pale mioyo yetu imetulia.

Tulimweleza pia mama yetu mzee, mzazi wa baba, ambaye ni Mluba wa upande wa Kamina. Tukamwambia: "Mama, mjukuu wako atatibiwa kwa leza." Mama akafurahi sana, akapiga makofi. Katika lugha yake Leza ni jina la Mungu! Akasema: "Mbona mlichelewa? Mlikuwa mmempeleka kwa nani kwanza?" Tulicheka, lakini baadaye tulipokuwa wawili tu hatukucheka. Alikuwa ametuuliza kweli.

Mwaka 2022 Sista alituandikia barua kwa mganga wa ngozi mwenye mashine ya nanometa 1064. Huyu aliuliza mengi: dawa anazomeza, kama ngozi yake huota makovu ya kuvimba, kama amepaka mafuta ya kuchubua. Alimkataza kung'oa nywele, maana nuru yahitaji shina. Kunyoa si kitu. Alijaribu kwanza mahali padogo chini ya sikio, akatuambia turudi baada ya majuma sita. Tuliporudi, ngozi ilikuwa salama, ndipo akaanza. Kila mara walifunika macho ya mtoto, na mganga naye alifunika yake, maana nuru hiyo yaweza kupofusha. Tulikwenda mara saba, kila baada ya majuma sita, kwa sababu nywele haziamki zote pamoja: nyingine zakua, nyingine zalala, na nuru hushika zile zinazokua.

Mwisho wake ulikuwaje? Hatutawadanganya. Ndevu zilipungua sana, lakini hazikuisha. Ugonjwa wa ndani waendelea, naye hutumia dawa zake. Mganga alituonya pia kwamba kwa watu wengine nywele za usoni huweza hata kuongezeka baada ya leza. Neno "milele" la lile tangazo halikutoka kinywani mwake kamwe. Mabaka meusi yamefifia. Yale mawili meupe yako palepale, nasi twayaona kila siku mezani.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na vijana, mkitaka kwenda kwenye leza, ulizeni hivi. Kwanza: anayeshika mashine ni mganga, au amesimamiwa na mganga? Pili: mashine ni ya namna gani, nanometa ngapi, nayo yafaa kwa ngozi nyeusi? Tatu: atajaribu mahali padogo na kungoja majuma kadhaa? Nne: kuna ugonjwa gani ndani? Tano: kama kuna doa jeusi linalokua, au linalotoka damu, au lililobadilika, amelipima kwanza? Kuliunguza bila kulipima ni kuificha kansa. Na mtu akiahidi kwamba hakuna hatari hata moja, chukueni feza yenu mrudi nyumbani. Kama mtu ameungua, mmwagilieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, msipake dawa ya meno wala mafuta, mkimbilie hospitali.

Lakini kuna swali la sita, ambalo si la mganga. Ni letu. Kwa nini mtoto wetu alinyoa gizani miaka miwili? Kwa sababu aliogopa macho yetu kuliko wembe. Wembe ulimkata usoni, na ukimya wetu ulimkata moyoni. Jioni moja, kabla matibabu hayajaanza, baada ya Rozari ya nyumbani, tulimwomba msamaha mbele ya wadogo zake. Alisema: "Nilikwisha kuwasamehe siku ile Mama aliposhika ule wembe akalia."

Siku ya Pentekoste ya mwaka ule wa 2022, mabaka yakiwa bado meusi na ndevu bado hazijapungua, alivaa kanzu ya kwaya. Tulitazama mlangoni kama atachukua kitambaa. Alikiacha juu ya kiti. Katika kanisa watu wengine waligeuka kumtazama, nasi tuliona uchungu. Kisha akaanza kuimba, na mama yetu mzee, aliyekaa mbele yetu, akatikisa kichwa kwa furaha, akamsifu Leza wake.

Mungu awabariki, awalinde watoto wenu, na awape ninyi wazazi masikio ya kusikia mapema.